Mstari Mmoja Nyuma ya Mswada



Nimekuja na karatasi moja tu. Ni ukurasa wa mwisho wa mswada wa kawaida wa Bunge la Kenya, ule wa maelezo ya madhumuni na sababu. Wengi hawaufikii. Humo mwandishi wa mswada hutakiwa aseme kama sheria anayoipendekeza inabana haki za msingi. Na jibu, mara nyingi mno, ni mstari mmoja: haibani. Haelezi amejuaje. Hasemi alimwuliza nani. Mhadhara wangu wote ni juu ya mstari huo.

Chukueni mfano mmoja. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho Mbalimbali, kapu moja lililobeba marekebisho ya sheria nyingi. Ndani ya kapu hilo, Sheria ya Usajili wa Watu iliongezewa kifungu cha 9A, kikazaa Huduma Namba. Watu wote wangesajiliwa katika mfumo mmoja. Iliruhusiwa hata kuchukua DNA ya mtu na kunasa kwa setilaiti mahali anapokaa. Kifungu chenyewe hakikutaja kabila, rangi wala dini. Kila mtu ni kila mtu.

Ila "kila mtu" wa kwenye karatasi ana kitambulisho tayari. Mnubi je? Babu zake waliletwa na Waingereza kutoka Sudan wakiwa askari, wakakalishwa Kibra, Nairobi. Zaidi ya miaka mia baadaye, mjukuu alipotimiza miaka 18 hakupeleka cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi yakaisha. Alipigwa msasa mbele ya kamati, athibitishe asili yake.

Nimewahi kukaa na kijana wa namna hiyo kwenye benchi, nje ya ofisi moja ya usajili. Alikuwa na bahasha ya kaki iliyochanika kwenye mikunjo: kitambulisho cha babu, cheti cha ndoa ya bibi, barua ya chifu. Siku ile kamati haikukaa. Akazirudisha karatasi moja moja kwa mpangilio ule ule, akaniambia, "Mwalimu, nitarudi wiki ijayo." Ulikuwa mwaka wake wa pili wa kurudi wiki ijayo. Na bila kipande, yaani kitambulisho, huna laini ya simu kwa jina lako, huna akaunti, hupigi kura. (Neno lenyewe, kipande, tulilirithi kutoka enzi ambazo Mwafrika alilazimishwa kukivaa shingoni. Halijaacha kuniuma.)

Shirika la Nubian Rights Forum na wenzao walikwenda mahakamani kuipinga Huduma Namba. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliondoa DNA na setilaiti, wakakiri kwamba wasio na hati wanaweza kuachwa nje, wakaagiza mfumo usiendelee bila kanuni kamili. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akaamua kwamba kadi za Huduma zilianza kutolewa bila tathmini ya athari inayodaiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tathmini! Neno hilo lilitamkwa wakati mabilioni ya shilingi yameshatumika.

Jimbo la Iowa, Marekani, lilianza tathmini ya namna hiyo mapema, mswada ukiwa bado mswada. Watu weusi walikuwa takriban asilimia 2 ya wakazi wake na karibu robo ya wafungwa. Mwaka 2008 Gavana Chet Culver alitia saini sheria inayotaka mswada wa kubadili adhabu au masharti ya kuachiliwa uambatane na makadirio ya jinsi utakavyowagusa walio wachache. Makadirio hayo hayamfungi mbunge. Anaweza kuyasoma akapiga kura vilevile. Lakini hawezi tena kusema hakujua, na mimi sidharau hilo hata kidogo.

Hata hivyo tusiinakili Iowa nzima nzima. Kule walihesabu wafungwa. Wanubi, Wamakonde na Wapemba wa kwetu ni wachache kiasi kwamba ukiwaweka kwenye asilimia ya taifa wanapotea. Ibara ya 118 ya Katiba inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi, lakini tangazo la gazetini halimfikii mtu aliye kwenye benchi. Inabidi afuatwe.

Basi ule mstari wa "haibani" ufutwe. Mahali pake mwandishi wa mswada ajaze: nilizungumza na nani, wapi, siku gani, na ni karatasi ipi sheria yangu itawadai ambayo hawana. Swali hilo la mwisho kijana wangu angelijibu bila hata kufungua bahasha. Karatasi zake anazijua kwa ghibu.