Kukonda na Mshono Haujafunga

Wengi warejeao majumbani kutoka hospitali ya Sendwe hapa Lubumbashi hutamani kupunguza unene ilhali mshono ungali mbichi. Mwili uliopasuliwa hauna nafasi ya kujinyima: nyama mpya hujengwa kwa protini, ambayo wataalamu huikadiria kuwa gramu 1.2 hadi 1.5 kwa siku kwa kila kilo ya uzito, nayo hupatikana katika maharagwe, mayai na samaki wa Mweru. Ikikosekana, mwili huila misuli yake wenyewe, na jeraha hukawia kupona. Basi jamaa wapelekao chakula wodini, ambao kwa mapenzi nisiyoyalaumu hata kidogo huzidisha bukari, na mawese katika sombe, nawasihi kwa dhati wapunguze hayo pamoja na soda, wala wasipunguze fungu la samaki. Unene, hasa kwa aliyepasuliwa tumbo, huzidisha hatari ya henia penye kovu, kwa hiyo azma ya kukonda ni sahihi. Lakini na ingoje mpaka daktari aridhie, na mwenye maradhi ya sukari asibadili mlo kabla ya kushauriana naye juu ya dawa zake.