Kabla ya Kuwasha Injini

Somo: 2 Wafalme 4:38–41

 

Asubuhi ya leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya kosa dogo tulilolifanya sisi wenyewe, na juu ya kosa kubwa lililozaliwa na lile dogo. Ikiwa unalo gari, utapata jambo la kukufaa safarini. Ikiwa huna, usiondoke karibu na redio, maana habari hii si ya magari peke yake.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na safari ya kutoka Voi kwenda Wundanyi, katika milima ya Taita, ambako vijana walikuwa wakingojea ibada ya kipaimara. Gari la parishi lilikuwa kuukuu, lakini dereva wetu alilitunza kama mtu anavyomtunza ng'ombe wake wa maziwa. Alfajiri ile, yeye akiwa jikoni anakunywa chai, tuliona vema tumsaidie kazi. Tukafungua boneti, tukachungulia ndani ya rejeta, tukaona maji yamepungua. Nyuma ya kiti palikuwa na mtungi wa plastiki wenye karatasi ya kulanti, yaani ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta ili injini isishike kutu wala maji yasichemke upesi. Tukamimina karibu mtungi wote. Tulipokwisha tukajipangusa mikono kwa leso, na mara tukasikia harufu. Ile haikuwa kulanti. Yalikuwa mafuta ya injini. Mtu alikuwa ameuona mtungi mtupu, akautia mafuta, wala hakubandua ile karatasi. Nasi gizani tulisoma karatasi, hatukukagua kilichomo.

Sasa sikilizeni vizuri. Wakati huo injini ilikuwa haijawashwa. Mafuta yalikuwa yanaelea tu juu ya maji, ndani ya rejeta, hayajaenda popote. Chini ya rejeta ile palikuwa na koki ndogo ya kumwagia maji. Dereva akatokea, akatusalimu, "Bwana asifiwe, Padre. Tuko tayari?" Tukamjibu, "Asifiwe. Twende."

Kwa nini hatukusema? Tulijiambia kwamba tumechelewa, tena kwamba mafuta yale ni kidogo, labda yatapotea ndani ya maji. Lakini ukweli ni kwamba tuliona haya. Katika chuo cha theolojia tulifundishwa Kiyunani na historia ya Kanisa, na tunamshukuru Mungu kwa walimu wetu. Lakini kumwambia dereva, "Nimekosa," ni somo ambalo tulikuwa bado hatujalifaulu.

Katika injini maji ni kama mchukuzi. Hupokea joto la moto, pampu huyasukuma hadi kwenye rejeta, upepo huyapooza, nayo hurudi kupokea mzigo mwingine. Mafuta hayawezi kazi hiyo. Kilo moja ya mafuta hubeba karibu nusu tu ya joto linalobebwa na kilo moja ya maji. Zaidi ya hayo, pampu ikiyakoroga pamoja na maji ya moto, hugeuka kuwa ute mzito unaoziba vijia vyembamba vya rejeta, na baada ya muda mipira huvimba na kulegea. Si kwamba mafuta ni kitu kibaya. Mahali pake ndani ya injini ndiyo uhai wa gari. Ubaya wake ni kuingizwa mahali pasipo pake.

Toka Voi mpaka Mwatate gari lilikwenda. Tulipoanza kupanda mlima, kona baada ya kona, mshale wa joto nao ukaanza kupanda. Mara mvuke ukafoka mbele ya kioo, tukasimama kando ya barabara. Dereva alingoja injini ipoe, maana kifuniko cha rejeta hakifunguliwi ikiwa moto. Maji yake yana nguvu ya kumwunguza mtu uso. Alipofungua, aliona uji wa rangi ya kahawa. Akatutazama, nasi tukatazama mlima. Tulifika Wundanyi nyuma ya lori, tumechelewa, na ibada imekwisha kuanza.

Makanika alipoona mafuta ndani ya maji alisema, "Gasketi ya silinda hedi imeungua." Hakuwa mjinga, mara nyingi hiyo ndiyo dalili yake. Angejuaje jambo ambalo hakuambiwa? Akafungua injini, kazi ya siku mbili, na gasketi ikaonekana nzima. Fundi anayefichwa ukweli hutibu ugonjwa usiokuwapo, na dawa hiyo ililipwa kwa sadaka ya mavuno ya wakristo wetu.

Baadaye wazee wa kanisa wakakaa kikao. Walisema dereva amekuwa mzembe, na kwamba inafaa akatwe mshahara kidogo kidogo mpaka gharama ziishe. Mtu yule alikuwa na watoto wanne shuleni. Na mwenyekiti wa kikao hicho alikuwa nani? Ni sisi. Tulifungua kwa sala na kufunga kwa neema, na katikati hatukusema neno.

Jioni ile dereva alibisha hodi nyumbani kwetu. Hakuja kunung'unika. Alisema, "Padre, niombee. Nimefikiri sana, sijui nimekosa wapi."

Tuliinamisha kichwa ili tuombe, na maneno hayakuja. Ndipo tukamweleza yote, toka ule mtungi hadi kile kikao. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Padre, ungeniambia pale pale, ningefungua ile koki ya chini. Kazi ya dakika chache tu." Halafu akasimama. "Kesho uwaambie wazee." Akaenda zake, wala hatukuomba.

Kesho yake tuliwaambia wazee. Gharama tukazilipa kutoka mfukoni mwetu, kwa miezi mingi. Dereva alitusamehe, na aliendelea kutuendesha. Lakini toka siku ile, hata tukimwambia kwamba tumekwisha kukagua maji, yeye hufungua boneti akatazama mwenyewe. Hatumlaumu. Msamaha hutolewa siku moja, lakini imani ikivunjika hurudi polepole.

Sasa tazameni somo letu. Kulikuwa na njaa katika nchi, na Elisha aliagiza wana wa manabii wapikiwe chakula. Mmoja wao akaenda shambani kwa nia njema, akakuta mmea wa porini, akajaza nguo yake matango yake, akayakatia chunguni bila kujua kwamba ni sumu. Nia yake ilikuwa nzuri kama yetu, lakini nia njema haisafishi chungu, wala haisafishi rejeta. Waliokoka kwa sababu walipoonja tu walipaza sauti kwamba mna mauti chunguni. Hawakuendelea kula kwa kuoneana haya. Naye Elisha hakuanza kwa kumtafuta mwenye kosa ili amwaibishe. Aliomba unga, akautia chunguni, na watu wakala salama.

Naye Daudi, katika Zaburi ya 32, anasimulia alivyokuwa alipoificha dhambi yake. Anasema alikauka kama nchi wakati wa kiangazi. Ndugu zangu, huko ndiko kuchemka kwa rejeta ya moyo. Alipokiri ndipo alipopata nafuu.

Labda wewe unayetusikiliza umemimina kitu mahali pasipo pake. Umesema neno juu ya jirani yako, na sasa umegundua si kweli. Umegusa pesa za chama cha akina mama, ukajiambia utazirudisha mwisho wa mwezi. Mtoto wa nyumbani amechapwa kwa kikombe ulichokivunja wewe. Jambo hilo lingali juu juu, halijazunguka. Usiwashe injini. Nenda ukaseme leo. Kesho litakuwa limeingia katika kila mpira na kila kijia, na pengine mtu asiye na hatia atakuwa analilipia.

Na kama umekwisha kuendesha mbali nalo, usikate tamaa. Gari letu lilisafishwa kwa maji ya moto na sabuni, mara ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano, na mipira ikabadilishwa. Ilikuwa kazi ndefu yenye gharama, lakini lilipona, likapanda tena mlima wa Wundanyi. Damu ya Yesu Kristo haishindwi na moyo wowote ulioletwa kwake.

Nanyi wenye magari, msiamini karatasi ya mtungi, wala rangi ya kilichomo. Zipo kulanti za rangi moja zisizopatana, zikichanganywa huganda. Na mafuta yasiwekwe kamwe katika mtungi wa kitu kingine.

Tuombe. Ee Bwana, wewe unayeona kilichomo na si karatasi ya nje, utupe ujasiri wa kusema, "Ni mimi," mapema, kabla mwenzetu hajaumia kwa ajili yetu. Uwaponye wale tuliowaumiza kwa kunyamaza kwetu. Utusafishe, ututume tena njiani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.