Daftari ya Kikundi
(Mazungumzo kwa vikundi vya Makina, Kibera)

Mwaka 1953 vita vya Mau Mau vilikuwa vikali. Wakikuyu wenyewe waligawanyika, wengine msituni, wengine homugadi. Huko Nyandarua, Dedan Kimathi, aliyekuwa karani wa KAU Nyahururu, aliongoza watu wake kwa barua, na mikutano ikaandikwa. Hata Bunge la Kenya waliliunda msituni, 1954! Karani wake alikuwa mwalimu, Karari Njama.

Lakini Stanley Mathenge na wenzake, wengi wao hawakusoma, waliwashuku hao wenye kalamu. Wakajitenga, wakaunda Kenya Riigi.

Na kwetu je? Karani akisoma hesabu, mama asiyejua kusoma ananyamaza, kumbe moyoni ana wasiwasi na pesa zake. Mimi naomba mkutano ujao daftari isomwe kwa sauti, pole pole, na huyo mama aulize kwanza.