Foto Ilifika Ulaya Mbele Mwenyewe Aione

(Maneno tuliyoyatoa kwenye mkutano mkuu wa chama, hapa Baraka. Tumeyaacha karibu vile tulivyoyasema.)



Mulituomba tuzungumze juu ya kazi ya foto. Munatujua. Sisi ni wale wanaofika na pikipiki, daftari mkononi, na mbele hata ya kupewa maji ya kunywa tunasema, “Mama, simama hapo kidogo.” Leo tunataka kuongea juu ya hilo “simama hapo kidogo”.

Tuanze na jambo ambalo wengi wenu munalijua, maana lilizungumzwa kisimani mpaka kanisani. Mwaka jana tulimpiga foto mama mmoja mjane wa chama hiki. Mvua ilikuwa imeanza, jua likatoka kidogo, naye akakimbilia kuanika mihogo yake. Alikuwa na nguo ya kazi iliyopasuka begani, na nyuma yake paa la nyasi limeinama upande mmoja. Tulimuuliza kama anakubali. Akasema ndiyo. Lakini tuseme ukweli: mtu mwenye orodha ya mabati mkononi akikuuliza swali hilo, wewe utamjibu apana?

Foto ikaingia kwenye ripoti. Toka kwenye ripoti ikaenda kwenye kalenda ya ofisi moja ya mbali, halafu ikaanza kutembea kwenye simu za watu. Mtoto wake aliyebaki kambini Nyarugusu akaiona. Akapiga simu usiku, analia: “Mama, unaugua na munanificha?” Kesho yake mama akaja ofisini. Hakupiga kelele. Alisema tu, “Wanangu, mungeniambia nivae kitenge. Ninacho.”

Lile “ninacho” lilitukaa rohoni. Kitenge kilikuwa ndani ya sanduku, hatua tano toka pale tuliposimama, na sisi hatukumpa hata dakika za kukifuata.

Sasa musikie upande wa pili. Tuliambiwa foto ile ndiyo iliyofanya mabati yapatikane haraka. Mama huyo leo analala chini ya mabati hayo hayo, na mwenyewe anasema mvua haimpati tena. Kwa hiyo hatuwezi kusimama hapa tukadanganya kwamba foto za namna ile hazina faida. Faida iko. Tunachouliza ni nani anailipia.

Swali hili ni la zamani, na nchi yetu imo ndani yake toka mwanzo. Mwaka 1904, kule Baringa upande wa Ekwateri, wakati Leopold wa Ubeljiji alikuwa anaitawala Kongo kama shamba lake, mwanaume mmoja alifika kwa wamisionari. Aliitwa Nsala. Alibeba mkono na mguu mdogo, vimefungwa ndani ya majani. Ndivyo vilivyobaki vya mtoto wake wa kike, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, akampiga foto ameketi barazani, anaangalia vile vipande viwili mbele yake. Foto hiyo na nyingine zilionyeshwa Uingereza na Marekani katika mikutano mingi, zikitupwa ukutani kwa taa. Watu waliokuwa wanakataa habari za barua na ripoti, hapo walishindwa kukataa. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo serikali ya Ubeljiji. Foto peke yake haikufanya kazi hiyo, na ukoloni haukuisha siku ile, munajua. Lakini foto ilisaidia sana.

Kitu kinachotugusa ni kwamba majina yaliandikwa. Zaidi ya miaka mia imepita na tunasema Nsala, tunasema Boali. Katika ripoti zetu wenyewe, mwaka jana, chini ya foto ya mama yetu tuliandika “mwanamke mmoja aliyerudi”.

Wamarekani nao yaliwapata. Mwaka 1936, wakati wa njaa na ukosefu wa kazi, mpigafoto wa serikali yao, Dorothea Lange, alimkuta mama mmoja na watoto wake katika kambi ya vibarua wa shambani, California. Akapiga foto chache, akaondoka, hakumuuliza jina. Foto ikachapwa, chakula kikapelekwa kambini, lakini mama na watoto walikuwa wameshahama, wanatafuta kazi pengine. Foto ikawa maarufu dunia nzima. Mwenyewe, Florence Owens Thompson, alikuja kujulikana jina mwaka 1978, na alisema wazi kwamba hakuipenda, na haikumpa hata senti. Angalau yule wetu alipata mabati.

Mambo yanaanza kugeuka, tena kwa mikono ya watu wetu. Mwaka 2020 mpigafoto mmoja wa ng'ambo, Finbarr O'Reilly, alikuwa amepewa tuzo la Carmignac ili afanye kazi yake Kongo. Corona ikafunga mipaka. Basi kazi ikafanywa pamoja na wapigafoto na waandishi wa habari Wakongomani, kila mmoja kule anakoishi. Mtu wa Goma anapoonyesha Goma, anajua nani ataiona foto jioni: mama mkwe, jirani, padri. Hiyo inamfundisha adabu kuliko semina zetu zote, na semina tumefanya nyingi.

Ndiyo maana mwaka huu tulifanya vingine. Wanachama wanane walipewa simu zenye kamera kwa wiki sita. Tuliwaambia: piga kile unachotaka watu wakijue juu ya kurudi kwenu. Sisi tulidhani wataleta sura za njaa, kwa kuwa ndizo wamezoea kuombwa. Wakaleta mawe. Mawe ya msingi wa nyumba iliyochomwa, majani yameota katikati. Wakaleta miembe. Mzee mmoja alileta foto kumi na moja za mwembe mmoja, kila upande wake, na moja ya mkono wake umeshika gome. Tulipomuuliza, alitushangaa. “Huu nilipanda mimi. Niko nawaonyesha shamba langu.”

Hapo ndipo tulielewa. Kwa mtu aliyeondoka 1996, akakuta shamba lake linalimwa na mwingine, mti uliokomaa na kaburi la baba ni karatasi yake. Foto mbili kati ya hizo zimeshawekwa mbele ya shefu wa kijiji, na mazungumzo yanaendelea.

Lakini kijana mmoja alileta foto ya mtu anayelima shamba la familia yake leo. Alimpiga kwa siri, nyuma ya migomba, sura yote inaonekana. Tulikaa naye jioni nzima. Yule mkulima naye alikimbia vita, toka upande mwingine. Foto ile ikiingia kwenye simu na maneno mawili ya hasira chini yake, kesho tunazika mtu. Kijana aliifuta mwenyewe mbele ya wenzake. Hakufurahi, na tunamwelewa.

Tumekubaliana hivi. Foto yoyote ya mwanachama itabandikwa kwanza kwenye ukuta wa ofisi ya chama kwa wiki mbili, na hakuna inayotumwa mbele ya hapo. Asiyetaka yake itoke amwambie sekretere, bila kueleza sababu, na jina lake kwenye orodha ya msaada haliguswi. Anayetaka jina lake liandikwe, litaandikwa sawa. Kila mtu atapewa foto yake imechapwa, mkononi.

Wafadhili wetu, mutapokea miembe mingi na mawe mengi. Tunajua kalenda ya mawe haiuziki. Mutuulize kila jiwe ni la nani, tutawaeleza.

Na mama yetu alikubali kupigwa tena. Alivaa kitenge, akatoa kiti nje, akaketi chini ya mabati yake, akakataa kucheka. Anataka ichapwe kubwa, yenye kioo, ampelekee mtoto Nyarugusu. Tulimwahidi. Uvira walisema karatasi ya ukubwa ule imeisha, tungojee wiki ijayo, na hii ni wiki ya tatu. Mama yuko pale nyuma, anatuangalia.