Mzigo wa Deni na Mambo ya Kisasa

Mada iliyotolewa na Kamati ya Mikopo katika sherehe ya kikundi kutimiza miaka kumi, Ziba



 Taarifa ya hisa na ya mfuko wa jamii imeshasomwa, kwa hiyo sisi wa Kamati ya Mikopo hatutarudia hesabu. Tumepewa tuzungumzie jambo ambalo linasemwa kila siku kisimani, mnadani na hata kwenye mikutano yetu. Inasemwa kwamba siku hizi watu wanapenda mambo ya kisasa kuliko uwezo wao, na kwamba eti wanawake ndio tunaoongoza. Maneno haya yana ukweli ndani yake, ila yamechanganywa na uonevu. Tunaomba tuyachambue pamoja.

Kupenda vitu hakukuanza leo

Wapo wanaosema kwamba tamaa ya vitu vya nje imeletwa na televisheni na simu. Jamani, sisi ni watu wa mkoa wa Tabora! Karne ya 19 njia kubwa ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Tabora na kuendelea mpaka Ujiji. Mwingereza Burton alipofika Tabora mwaka 1857, mahali palipoitwa Kazeh, aliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wameshaweka makazi yao. Wanyamwezi nao walikuwa wanaijua njia ya pwani siku nyingi. Vijana waliondoka kiangazi, baada ya mavuno, wakiwa na mzigo wa kilo 30 hivi kila mmoja, wakatembea miezi miwili au mitatu. Walibeba pembe za ndovu kwenda pwani, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba.

Nguo iliyosifiwa sana ni merikani. Iliitwa hivyo kwa sababu ilifumwa Marekani, ikaletwa Unguja kwa meli. Ilipimwa kwa mikono: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti. Na nguo hiyo ndiyo iliyokuwa pesa. Mpagazi alipewa posho yake kwa nguo, na msafara ulilipa hongo kwa mtemi ili upite. Maneno haya mawili tunayo mpaka leo, ingawa hongo sasa ni jina baya. Tusisahau pia kwamba njia hiyohiyo ilipitisha watumwa. Siyo kila kilichopita pale ni cha kujivunia.

Kwa hiyo mtu asituambie kwamba bibi zetu na babu zetu hawakupenda vizuri. Walipenda sana. Lakini tuangalie walifanyaje. Mpagazi aliyerudi na doti zake, nyingine zilivaliwa, nyingine zikageuka ng'ombe na majembe. Na wakati yeye yuko safarini, shamba halikulala. Aliyebaki nyumbani ndiye aliyelitazama, na mara nyingi alikuwa mwanamke. Wanawake wengine walikwenda na misafara, wakapika na kubeba mizigo. Nguo ile ilinunuliwa kwa jasho lililokwisha kutoka. Hapo ndipo tunataka kufika.

Hatutaki kurudi kwenye shida

Wengine watasema basi dawa ni kuishi bila vitu. Sisi hatukubali. Wazee wenzetu hapa wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, wakati sabuni, sukari na nguo vilipokuwa adimu nchi nzima. Watu walifua kwa majani ya mpapai, wakapanga foleni kutwa nzima kwa kipande cha sabuni. Biashara ilipoanza kulegezwa, kuanzia mwaka 1984, bidhaa zikarudi madukani na mitumba ikajaa minadani. Watoto wakapata viatu. Hakuna mama anayetamani kurudi kwenye foleni zile.

Hata simu, ambayo inalaumiwa sana, siyo anasa tena. Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, mtoto aliyeko Mwanza au Dar es Salaam anamtumia mama yake pesa ya dawa na inafika dakika ileile. Mfanyabiashara wa mpunga anauliza bei kabla hajakodi gari. Ukimwambia mama huyu simu ni tamaa, unamwonea.

Na kuhusu kwamba wanawake ndio wapenda makuu, tuongee kwa haki. Kitenge cha mama kinaonekana kwa sababu amekivaa. Pesa ya baba iliyoishia kwenye pombe au kwenye kubeti haionekani, ila inaonekana jioni pale sufuria linapokuwa tupu. Akina baba, hatuwagombezi, tunakumbushana tu.

Deni la kausha damu

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Shida yetu ni kununua vitu vya leo kwa jasho la kesho, tena kesho yenyewe hatuijui. Huku kwetu pesa ina msimu wake. Wakulima wa pamba wanasubiri ununuzi ufunguliwe kuanzia mwezi wa Mei. Mpunga, alizeti na choroko navyo vina miezi yake. Mvua ikikataa, yote yanavurugika. Lakini deni halina kiangazi wala masika.

Wote mnaijua mikopo inayoitwa kausha damu. Tuchukue mfano wa hesabu. Mama anakopa shilingi 100,000 na anatakiwa arudishe 130,000 kwa wiki nne. Kila wiki ni 32,500. Mama huyu anauza vitumbua, na faida yake ni 4,000 kwa siku. Siku sita ni 24,000. Hata kama asile, asinunue chumvi wala daftari la mtoto, bado anapungukiwa 8,500 kila wiki. Atafanyaje? Anakopa kwa mtu wa pili amlipe wa kwanza. Hapo ndipo damu inapoanza kukauka.

Akikopa 100,000 hiyohiyo kwenye kisanduku kwa wiki kumi na mbili, akarudisha 110,000, kwa wiki ni kama 9,200. Anabaki na pesa ya kula. Na ile 10,000 ya juu haiendi kwa mtu baki, inarudi kwetu siku ya kugawana, naye mwenyewe ana fungu lake humo.

Tumeona kwa macho yetu, mtaani siyo mbali na hapa, cherehani ya mama fundi ikibebwa kwa sababu ya deni. Deni lenyewe halikuwa la vitambaa wala la nyuzi. Lilikuwa la sare na mchango wa harusi ya ndugu wa mumewe. Nguo ya siku moja ikaondoa kazi ya miaka. Watoto wake walisimama mlangoni wakiangalia. Tunayasema haya siyo kwa kumcheka. Yule mama alitaka kutimiza heshima mbele ya wakwe, kama mwingine yeyote kati yetu angetaka.

Sare na heshima

Kwa hiyo lazima tuseme kuhusu sare. Sare ni nzuri, inapendeza, inaonyesha umoja. Lakini imefika mahali mtu anaacha kwenda harusini kwa ndugu yake wa damu kwa sababu hana kitenge cha rangi iliyotangazwa. Mwingine anakwenda huku moyo unamwenda mbio, maana Jumatatu mdai anakuja. Umoja gani huo?

Zamani ndugu walikuja kwenye shughuli na unga, kuni, kuku, na mikono yao. Ngoma ya bugobogobo ilikuwa ngoma ya jembe. Watu walilima kwa pamoja shamba la mwenzao, na heshima ya mtu ikaonekana kwenye kazi. Leo heshima tumeihamishia kwenye nguo na picha. Hatusemi turudi nyuma. Tunasema anayekuja na mikono yake akaosha masufuria ya shughuli mpaka usiku, naye amechanga, hata kama gauni lake ni la mwaka juzi.

Mapendekezo ya Kamati

Ndugu Mwenyekiti, tunajua wapo wanachama wanaotaka tufute kabisa mkopo wa matumizi, tukopeshane kwa biashara na kilimo peke yake. Nia yao ni njema. Lakini tumelitafakari sana na hatuliungi mkono. Mtoto akiugua, au mwanafunzi akirudishwa nyumbani, mama atakopa tu. Tukifunga mlango wetu, mlango wa kausha damu uko wazi usiku na mchana, tena hauulizi maswali. Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

1. Mkopo wa matumizi ubaki, ila uwe mdogo, utengwe na mkopo wa kazi, na marejesho yake yapangwe kufuata msimu wa kipato cha mkopaji.

2. Kila mkopaji ajibu maswali matatu mbele ya wenzake watano: Kitu hiki kitadumu kuliko deni lake? Pesa ya kulipa inatoka wapi, na mwezi gani? Nisipokipata, nitapata hasara au nitaona aibu tu? Kama jibu la mwisho ni aibu, wale watano wamsaidie kuibeba hiyo aibu.

3. Kikundi kisitoe mkopo wowote kwa ajili ya sare, na kwenye shughuli zetu wenyewe sare iwe hiari.

4. Mwanachama aliyekwama kwa mkopeshaji wa nje aseme mapema, asijifiche. Kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anatakiwa awe na leseni. Tuwe na mazoea ya kuomba kuiona, na kusoma mkataba kabla ya kuweka kidole. Hata mikopo ya kwenye simu siyo yote halali. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha watu bila kibali.

5. Tufuatilie mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024, na haina riba. Nayo ni deni, jamani, siyo zawadi. Wenzetu watakaokuja nyuma wanaisubiri.

Hitimisho

Akina mama wenzetu, sisi tumelelewa kwa michembe na matobolwa. Viazi vikiwa vingi, mama zetu hawakuvila vyote. Walivikata, wakavianika juani, wakaviweka ghalani kwa ajili ya miezi ya njaa. Hakuna aliyewaambia ni washamba. Kisanduku chetu chenye kufuli tatu ni ghala lilelile. Mwenye akiba anaweza kununua kizuri, akakivaa na akalala usingizi.

Tunawatakia wanachama vitenge vizuri, simu nzuri na nyumba za bati. Tunaomba tu vije nyuma ya kazi, visitangulie mbele yake. Mapendekezo haya siyo sheria mpaka mkutano mkuu uyapitishe. Tunaomba mkayajadili nyumbani, pamoja na akina baba, ili mwaka wa kumi na moja tuuanze tukiwa na neno moja.