Sumaku Inapogeuka Sauti Husikika

Mwaka 1919, mwanafizikia wa Ujerumani Heinrich Barkhausen alizungushia kipande cha chuma waya, akauunganisha na amplifaya, kisha akasogeza sumaku taratibu. Ukasikika mlio wa kukwaruza. Redio yoyote ingeuchukia, lakini sayansi iliupokea kwa mikono miwili.

Miaka 12 kabla, Mfaransa Pierre Weiss alikuwa amedai kwamba chuma kimegawanyika ndani kwa ndani katika maeneo madogo, kila eneo na mwelekeo wake wa usumaku. Mpaka kati ya maeneo hayo husogea sumaku ya nje inapokaribia. Hunasa penye kasoro, hukwama kidogo, halafu huruka ghafla. Kila mruko ulikuwa mkwaruzo mmoja katika spika ya Barkhausen.

Kwenye diski ya kompyuta, inayohifadhi data kwa mwelekeo wa usumaku, mpaka wa kukimbia ovyo ni balaa: ungefuta kumbukumbu za watu. Ndiyo maana utando wa diski hutengenezwa kwa chembechembe zilizotenganishwa, kila moja igeuke peke yake. Tatizo ni kwamba chembe ikiwa ndogo mno, hata joto la kawaida la chumbani laweza kuigeuza.

Dawa iliyopatikana ni aloi ya chuma na platinamu, ngumu kugeuzwa kiasi kwamba leza huipasha zaidi ya nyuzi 400 za Selsiasi kwa muda mfupi kupindukia, ndipo inakubali kuandikwa. Januari 2024, Seagate ya Marekani ilitangaza diski za namna hiyo zenye terabaiti 30 na zaidi.