Pima Mbili za Maji: Kumsoma Mark Twain Tukiwa Kivinje

Mhadhara wa umma



Asubuhi ya leo, pale ufukweni, nahodha mmoja mzee aliniuliza nitazungumzia nini. Nikamwambia, mwandishi mcheshi wa Marekani. Akasema, "Mwanangu, huyo ana lipi na sisi?" Nikamjibu kwa jina lake tu. Mark Twain halikuwa jina la kuzaliwa. Ulikuwa ukelele wa baharia wa mto Mississippi anayeshusha bildi na kumjulisha rubani kwamba kina ni pima mbili, yaani futi 12. Mzee akacheka: "Pima mbili? Chombo kinapita."

Kweli, chombo kinapita. Lakini mtoto asiyejua kuogelea akitumbukia hapo, hatoki. Hoja yangu ya leo imo katika pima hizo mbili. Maji ni yale yale: mmoja anapita juu yake, mwenzake anazama. Twain alikitumia kicheko kama bildi, akatuonyesha kina ambacho waliokuwa wakipita salama hawakutaka kukipima.

Mtoto wa mtoni

Samuel Langhorne Clemens alizaliwa tarehe 30 Novemba 1835 katika kijiji cha Florida, jimbo la Missouri. Alikulia Hannibal, mji mdogo kando ya Mississippi. Baba yake alifariki mwaka 1847, kijana hajatimiza miaka 12, na haukupita muda mrefu akawa mwanagenzi katika kiwanda cha uchapaji. Mwaka 1857 alianza kujifunza urubani wa meli za mvuke. Mwaka uliofuata mdogo wake, Henry, aliyepata kazi melini kwa msaada wake, alikufa baada ya boila za meli ya Pennsylvania kulipuka. Samuel alijilaumu maisha yake yote. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoufunga mto mwaka 1861, akaenda Nevada, akawa mwandishi wa gazeti, na mwaka 1863 akajipa jina la pima mbili.

Missouri ilikuwa nchi ya utumwa. Uzeeni Twain alisimulia habari za Sandy, mtoto mtumwa aliyefanya kazi nyumbani kwao, aliyeletwa kutoka mbali na mama yake. Sandy aliimba na kupiga kelele mchana kutwa. Siku moja Samuel akachoka, akaenda kushtaki kwa mama yake. Mama machozi yakamlengalenga, akamweleza kwamba mtoto yule akiimba ni dalili kuwa hakumbuki. Akinyamaza, ndipo anapokumbuka, na mama yake hatamwona tena.

Chokaa na chelezo

Riwaya ya Tom Sawyer ilitoka mwaka 1876. Sehemu inayojulikana kuliko zote ni ile ya uzio: Tom amepewa adhabu ya kupaka chokaa, naye anajifanya kazi ile ni heshima kubwa, hata wenzake wanamlipa tufaha, tiara na gololi ili wapewe zamu. Mtoto yeyote wa hapa aliyewahi kumtega mwenzake amchotee maji kisimani anamfahamu Tom. Huo ni utoto wa kupita juu ya maji.

Riwaya ya Huckleberry Finn, iliyotoka London mwishoni mwa 1884 na Marekani mwanzoni mwa 1885, inatupeleka chini. Huck, mtoto wa mlevi, anamtoroka baba yake. Jim, mtumwa, anatoroka baada ya kusikia kwamba bibi anayemmiliki anataka kumuuza New Orleans kwa dola 800. Wanateremka mto kwa chelezo. Njiani Huck anateswa na dhamiri, na hapa ndipo ilipo kejeli kuu ya Twain: dhamiri hiyo imefundwa na mji wake, kanisani na mezani, kwamba kumsaidia mtumwa kutoroka ni wizi na dhambi. Anaandika barua ya kumfichua Jim. Kisha anakumbuka wema wa Jim, anaichana, na kuridhia kuingia motoni. Msomaji anacheka, kwa kuwa mtoto ametenda jambo jema kuliko yote huku akiamini amelaaniwa. Halafu kicheko kinamkwama kooni: ni watu wema wangapi walimfunza hivyo?

Maji ya kwetu

Swali hilo halikuishia Missouri. Hesabu za forodha za miaka ya 1860 zinaonyesha watumwa wapatao 20,000 kwa mwaka wakisafirishwa kutoka Kilwa. Mmoja wao alikuwa Swema, mtoto wa kike kutoka Uyao. Njiani alimwona mama yake akiachwa nyuma. Yeye akafikishwa Kilwa, akapakiwa chomboni kwenda Zanzibar, na huko akazikwa akidhaniwa kafa, akaokolewa kaburini. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kuzuia biashara hiyo baharini. Mwaka 1876, mwaka ule ule wa Tom Sawyer, akapiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu.

Sisi watoto wa Kilwa Kivinje tulijitosa katika maji hayo hayo. Mtaani kwetu alikuwepo babu mmoja hodari wa utani. Alituchekesha mpaka tukagaagaa mchangani. Siku moja nikamuuliza, "Babu, kwenu wapi?" Akasema, "Bara," akacheka, kisha akanyamaza jioni nzima. Bibi yangu alinivuta ndani: "Mtu humwulizi kwao kama hajakutajia." Miaka mingi baadaye niliposoma habari za Sandy, nilikiweka kitabu chini.

Kicheko kinachokwenda kombo

Hatumsomi Twain kwa kumsifu tu. Sura za mwisho za Huckleberry Finn zinamrudisha Tom, naye anageuza kifungo cha Jim, aliyekamatwa, kuwa mchezo wa siku nyingi, ilhali anajua kwamba marehemu bibi yake Jim amekwisha kumwacha huru. Wasomaji wanaendelea kubishana kama Twain alikusudia kejeli au alipotea njia. Mimi naona bildi ilimponyoka: mtoto anacheka kwa gharama ya mtu aliyefungwa mnyororo. Tena Jim hapewi nafasi ya kusimulia. Ilibidi mwandishi Mweusi wa Marekani, Percival Everett, aiandike upya kwa sauti ya Jim katika riwaya ya James ya mwaka 2024.

Mwenyewe Twain alizidi kushusha kamba alivyozeeka. Alifilisika mwaka 1894, akazunguka dunia akitoa mihadhara ili alipe madeni, na mwaka 1896 akaivuka Bahari yetu ya Hindi kutoka India hadi Durban, miezi michache baada ya Wajerumani kumnyonga mpinzani wao, Hassan bin Omari Makunganya, hapa Kivinje. Mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vilipoanzia Umatumbi, yeye alichapisha kijitabu cha kumdhihaki Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa ukatili wa Kongo. Alifariki tarehe 21 Aprili 1910.

Kwa upande wa pwani yetu, mwandishi Abdulrazak Gurnah, katika riwaya ya Paradise ya mwaka 1994, ametupa Yusuf, mtoto aliyetolewa kwa deni la baba yake. Lakini masimulizi ya Swema tunayo kwa kalamu ya wamisionari wa Kifaransa. Na yule babu wa mtaani kwetu hana hata ukurasa mmoja.

Wanafunzi, mnayo hazina ya utani ambayo Hannibal haikuwa nayo: mtani huruhusiwa kusema hata msibani lile ambalo ndugu hathubutu kulitaja. Andikeni utoto wa pwani hii, na mtuchekeshe. Ila kila mkicheka, shusheni kamba mpime aliye chini.

Jioni nitarudi ufukweni kwa yule nahodha. Nitamwambia alisema kweli, chombo kinapita. Kisha nitamuuliza waliokuwa ndani ya chombo walikuwa nani. Akinyamaza, nitakaa naye.